Mifuko ya Uzi wa Buluu

3 Februari

Kwako mwanangu Mpimaji,

Pokea salamu kabla hazijapoa. Sisi hatujambo, kasoro tope. Mvua imekuja na mizigo yake yote na haina dalili ya kuaga. Kuku wamehamia dirishani, ng'ombe hataki kulala, na goti langu la kushoto limeanza tena ugomvi wake. Ndugu yako amefunga matairi mapya kwenye lori, anajisifu utadhani kanunua ndege. Ndiye atakayekuletea barua hii akishusha nyanya huko mjini. Simu yangu usiipigie, iliangukia kwenye pipa la maji, na hata ingekuwa nzima bonde letu unalijua: ukitaka mtandao upande mpaka juu kwa muuguzi, na kwa goti hili sipandi. Mkwe wangu, mke wa huyo mwenye matairi, anakusalimu. Hajambo, anakula vizuri. Mengine hayaandikwi.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Msimu huu kikundi chetu cha wakulima wa nyanya kimenunua dawa ya ukungu kwa pamoja. Wakala alikuja na gari limejaa mifuko yenye nembo ya kampuni yako, akasema bei imeshushwa kwa ajili ya vikundi. Wenzangu wakasita. Mimi mwenyekiti wao nikasimama nikasema, "Hapo ndipo anapofanya kazi mwanangu niliyemlea kwa mikono hii. Yeye ndiye anayeipima. Mnaogopa nini?" Wakanunua. Na kwa kuwa stoo yangu ndiyo yenye ukuta wa tofali, mifuko yote ikawekwa kwangu.

Lakini dawa yenyewe siielewi. Ile tuliyozoea ni unga wa njano, laini, ukipigwa na upepo kidogo unaruka. Hii ina mabonge ya rangi ya udongo, na ukiyavunja yananuka yai viza. Ndani ya bomba la kupulizia inazama chini kama mchanga, unatikisa mpaka bega linakufa ganzi. Tumepuliza, tukarudia, na mabaka bado yanatembea kwenye majani kama tumeyanawisha uso. Niambie, ndivyo dawa zilivyo siku hizi, au kuna jambo? Jibu upesi. Watu wameanza kunitazama kwa pembe ya jicho.

Ni mimi shangazi yako

*

16 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika na alama ya kidole chenye grisi, nikajua imepita mikononi mwa Kaka. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine karibu na kazini. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo sipotezi muda kuangalia nje. Pole na goti. Usilifunge kitambaa kikavu, likande.

Kuhusu dawa. Dawa ya aina hiyo haiponyi jani lililokwisha kuugua. Kazi yake ni kulivika jani lililo zima ili ukungu usipate pa kuingia, kwa hiyo hupulizwa kabla mabaka hayajatokea, na mvua ikiisuuza mnarudia. Haitaki unyevu wala joto. Ikae pakavu, penye hewa, mbali na chakula na mahali pa kulala. Anayekoroga avae glavu za mpira, buti, kitu cha kuziba pua na mdomo, asikoroge kwa mkono mtupu, na nguo zake zifuliwe peke yake. Baada ya kupuliza msivune mpaka siku zilizoandikwa kwenye mfuko zipite. Mwanamke mwenye mimba asiiguse kabisa, hata ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani.

Nina maswali mawili. Mshono wa juu wa mfuko umeshonwa kwa uzi wa rangi gani? Na ni nani anayekoroga hapo nyumbani? Hilo la uzi usimweleze mtu kwamba nimeuliza.

Msalimie shemeji. Mwambie asibebe vitu vizito. Nasema tu.

Mwanao

*

27 Februari

Mpimaji,

Salamu zako tumezipokea na tumezigawana. Huku mvua inakata na kurudi, ng'ombe kazaa ndama dume, na mimi nimeikasirikia barua yako.

Nimekuuliza harufu, wewe umenipa darasa. Nimeisoma mara ya kwanza, nikaisoma tena, nikatafuta neno "harufu", halimo. Nimekulea mimi. Ulipokuwa unavunja kikombe ulikuwa unaanza kunisifia mboga. Kwa hiyo sasa najua kuna kikombe kimevunjika, sijui tu ni kipi.

Uzi ni wa buluu. Umeshonwa kwa mkono, hatua ndefu ndefu, kama wa fundi mwenye haraka.

Kuhusu nani anakoroga: wanakoroga wanaokoroga. Yupo aliyekuwa akikoroga kwa sababu mkono wake ni mwepesi, nimemwondoa siku ile ile niliyosoma barua yako, na usiniulize kwa nini. Nimempa kazi za ndani. Anapumzika.

Wengine hawajambo, ila mama wa nyumba ya pili mikono imemtoka vipele mpaka kwenye viwiko, inachubuka kama ngozi ya kiazi. Mumewe alinikuta kisimani akasema, "Mwenyekiti, mwanao anatupima sisi au anapima dawa?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Jibu nilichokuuliza.

Shangazi

*

6 Machi

Shangazi,

Salamu nitakulipa siku nyingine, nisamehe.

Kiwanda hakishoni kwa uzi wa buluu. Kinashona kwa mashine, uzi mweupe. Vigurudumu vitupu vya uzi wa buluu niliviona nyuma ya ghala letu la pili na sikujiuliza vilikuwa vya kazi gani.

Mwishoni mwa mwaka jana paa la ghala hilo lilivuja, na shehena nzima ya dawa ya ukungu ikalowa. Nilichukua sampuli mwenyewe. Nikamwendea meneja nikamwambia, "Hii imekufa, ipelekwe kwenye tanuru la kuteketezea sumu." Akaniambia, "Sawa kijana, itakwenda." Malori yakaja yakabeba. Nikaamini. Kumbe waliianika, wakaitia kwenye mifuko mipya, wakaishona, wakawaletea nyinyi.

Kwa hiyo jibu la harufu ni hili. Dawa hii ikilowa inavunjika. Nguvu ya kuzuia ukungu inaondoka, na mahali pake inazaliwa sumu nyingine. Wanyama waliopewa sumu hiyo maabarani, iliwaharibu tezi ya shingo na ikawaharibu watoto wakiwa tumboni. Kwa binadamu hakuna anayejua ni kiasi gani kinatosha kudhuru, na sitaki watu wetu ndio wawe kipimo. Harufu ya yai viza ni hewa inayotoka ikiwa inavunjika.

La pili ni baya zaidi. Ikiwa na unyevu na imerundikwa, inajipasha moto yenyewe kutoka katikati, polepole, bila moto wa mtu. Mwishowe inawaka.

Toa mifuko yote stoo. Chagueni siku kavu, mvae glavu, muitandaze mmoja mmoja mbali na nyumba, chini ya bati, juu ya mbao. Msiichome. Msiifukie. Msiitupe mtoni, itaua samaki na kila kinachokunywa. Na wote waache kuipuliza leo.

Kaka anaondoka alfajiri na barua hii. Nimemwambia asisimame popote.

Mwanao

*

9 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima. Ndugu yako hajarudi. Dereva aliyepishana naye anasema lori limevunjika ekseli katikati ya njia, yuko hapo anasubiri fundi na chuma. Kwa hiyo kama umeniandikia, barua imelala naye barabarani. Hii nampa dereva wa lori la vitunguu.

Nimepunguza hasira, ndiyo maana nakuandikia bila kusubiri zamu yangu. Hali ya hewa imebadilika, asubuhi kuna ukungu mzito na baridi ya kuingia mifupani. Bati la stoo limeachia msumari, matone yakawa yanaingia kwenye mifuko, tumeifunika turubai na kuisogeza yote upande wa ndani ikagusane vizuri na ukuta, isilowe zaidi. Kwa hilo utanisifu, ulisema haitaki unyevu.

Mkwe wangu anaumwa mgongo, si ajabu kwa mtu aliye katika hali yake, yaani kwa mtu anayeumwa mgongo. Lakini amepata tiba ya bure. Ukuta wa chumba chake unaopakana na stoo siku hizi una joto zuri, hata mchana usio na jua. Anaegemea hapo akichambua maharage, anasema unamkanda kuliko maji ya moto. Jana alisinzia hapo hapo. Nimemwachia chumba chote.

Shangazi yako asiyekasirika sana

*

14 Machi

SHANGAZI

Mtoe shemeji kwenye chumba hicho SASA. Usimalize kusoma, mtoe kwanza.

Huo ukuta unapata joto kwa sababu mifuko inaungua ndani kwa ndani. Turubai limeizibia hewa na kuihifadhia joto.

Watu wote watoke nyumba nzima. Mkiona moshi msiusogelee, kaeni upande upepo unakotokea. Msimwage maji ya ndoo, maji kidogo yanaichochea na kutoa hewa ya sumu. Kama moto ni mdogo, mchanga mkavu. Kama ni mkubwa, iache stoo iungue, okoeni watu.

Nimempigia muuguzi mara nyingi, simu yake imezimwa. Barua hii nampa kondakta wa basi mkononi. Ameniapia atashuka njia panda na kuja kwako kwa miguu.

*

20 Machi

Mwanangu,

Tuko hai. Naanza na hilo ili moyo wako ukae.

Kondakta yule ni mtu. Alifika jua likiwa juu ya utosi, suruali imejaa tope mpaka magotini, akasema, "Mama, nimeambiwa nisiondoke mpaka usome." Nikafungua hapo hapo uani. Nilisoma mstari wa kwanza tu.

Mlango wa mkwe ulikuwa umerudishiwa. Nilipousukuma, hewa ya mle ndani iliniuma macho. Alikuwa amelala ubavu, mgongo umegusa ukuta, shuka kalikumbatia. Nikamvuta mkono. Akasema kwa sauti ya usingizi, "Mama, niache kidogo. Leo ukuta uko vizuri." Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa kama sufuria iliyotoka jikoni.

Nilimtoa nikimkokota, yeye na tumbo lake. Ndiyo, tumbo. Nimeshaliandika. Ni mwezi wa saba. Alipoteza wawili kabla ya huyu, na kila mara tulikuwa tumetangaza mapema, basi safari hii tukakubaliana tusimtaje mpaka alie mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akikoroga dawa. Sasa unajua nilichokuwa nakificha, na kwa nini nilimwondoa bila maelezo.

Kondakta akamshika upande wa pili, tukamweka nyuma ya mti upande wa upepo. Nilipogeuka, moshi ulikuwa unatoka chini ya bati la stoo, mweupe mweupe, mzito, haupandi juu, unatambaa. Jirani wakaja mbio na ndoo. Mbele alikuwa mume wa nyumba ya pili, yule wa kisimani. Nikamzuia mlangoni.

"Pisha, mwenyekiti!"

"Maji hapana."

"Stoo inaungua unasema maji hapana? Umerukwa na akili?"

"Soma hapa! Mpimaji ameandika maji yanaichochea!"

"Mpimaji huyo huyo?" Akanisukuma, akamwaga ndoo yake.

Mwanangu, sijawahi kusikia kitu kikifoka vile. Moshi ulimrukia usoni, akarudi nyuma anatapika, macho yamefumba. Hapo wote wakaweka ndoo chini. Nikawapigia kelele, "Mchanga! Mchanga wa kujengea ulio chini ya nailoni!" Wakauleta kwa karai, kwa sahani, kwa khanga, lakini moto ulikuwa umeshapata njia. Tukaachana na stoo. Tukang'oa mabati yaliyoiunganisha na nyumba, tukavuta nje kwa kamba mifuko michache ya pembeni iliyokuwa bado baridi, kisha tukakaa mbali tukaitazama inakwisha. Chumba cha mkwe kimeanguka ukuta mzima. Pale alipokuwa ameweka kichwa pana tofali.

Yuko juu kwa muuguzi. Anakohoa. Muuguzi ameweka kile chombo tumboni, amesikia moyo wa mtoto, lakini anasema anacheza kidogo kuliko anavyotakiwa. Yule mume wa nyumba ya pili anaona kwa jicho moja vizuri, la pili ukungu.

Barua yako ya tarehe sita ndugu yako ameileta jana. Aliposikia yaliyotokea alikaa chini ya lori lake na hakutoka mpaka nilipomfuata.

Sikuombi chochote. Una kazi yako, una chumba chako. Nimekueleza tu. Ila niambie hii mifuko iliyobaki niifanye nini.

Shangazi

*

2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jengo, watu wakawa wananipita huku na huku. Mpe shemeji pole yangu.

Kaka aliniletea mfuko mmoja, amezungushia plastiki nzito kama nilivyomwagiza. Nilifungua kidogo, nikachukua sampuli mbili, moja nikaipima mwenyewe. Kisha nikaingia kwa meneja. Alikuwa anakula karanga.

Nikamwambia, "Ile shehena ya ghala la pili haikuteketezwa."

"Nani kasema?"

"Nimeishika. Imeunguza nyumba ya shangazi yangu."

Akapangusa mikono. "Pole sana kwa shangazi. Wakulima wanahifadhi vibaya, tunawaambia kila siku." Halafu akaniuliza taratibu, "Hiyo uliyoshika iko wapi?"

Nikajibu kwamba ipo. Akasema nimwachie mezani. Nikamwambia sampuli ya pili nimeshaipeleka kwa mkaguzi wa serikali wa viuatilifu, na jina langu nimeliandika. Karanga zake alizirudisha kwenye karatasi, akaikunja vizuri, akanyanyua simu, akaniambia nitoke.

Kwa sasa nimepewa likizo. Usijali.

Wakaguzi watakuja bondeni. Mifuko iliyobaki iacheni hapo mlipoivutia, msiifungue, watakuja kuichukua wenyewe. Na jambo moja zito: nyanya zilizopulizwa dawa hiyo zisiuzwe wala zisiliwe mpaka zipimwe. Kuosha hakutoshi. Najua zimeiva. Najua ninachokuomba.

Mwanao

*

19 Aprili

Mwanangu,

Salamu za huku ni chache, watu wengi hawanisalimii.

Niliita kikundi nikawasomea. Hakuna aliyenikatiza, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipomaliza mmoja akasema, "Kwanza ulituambia tununue kwa sababu ya mwanao. Sasa unatuambia tusiuze kwa sababu ya mwanao." Na ndivyo ilivyokuwa. Wakaamua kuziosha na kuziuza. Asubuhi lori likaja kupakia. La nani? La ndugu yako. Alikuwa ameshawaahidi, na ekseli mpya inataka kulipwa.

Nikaenda kusimama katikati ya njia, chini pale inapobana. Lori likafika limejaa makreti. Akatoa kichwa dirishani.

"Mama, ondoka."

"Sitoki."

"Wananingojea sokoni. Mama, watu wamelima hizi."

"Hata mimi nimelima hizi. Kreti zangu ziko humo?"

"Hazimo."

"Mkeo anakohoa kwa muuguzi kwa ajili ya hiyo dawa, wewe unakwenda kumlisha mke wa mwenzio?"

Injini inanguruma, wanakikundi wako nyuma kwenye lori wanapiga bodi kwa viganja, "Twende! Twende!" Akaachia breki, lori likasogea, likasimama karibu na mimi, nikasikia joto lake usoni. Sikujua kama atasogea tena. Nikwambie ukweli, nilifumba macho. Kisha nikasikia kimya. Alikuwa ameizima. Akashuka, akatoa ufunguo, akaurusha bondeni kwenye majani, mbali. Ndugu yako huyu ambaye hajawahi kunisikiliza tangu aote ndevu.

Walishuka wanatukana. Wakaguzi walikuja wiki iliyofuata, wakachukua mifuko, wakachukua nyanya za kila shamba. Mimi si mwenyekiti tena, walipiga kura uani kwangu, nikiwachemshia chai.

Mkwe amerudi nyumbani, analala chumbani kwangu. Kikohozi kimepungua.

Sasa, hii likizo yako. Nimeitafuta tarehe ya kurudi kazini kwenye barua yako, haimo. Ni likizo gani hiyo?

Shangazi

*

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa kura. Mimi sijambo, nakula, nalala. Hali ya hewa nzuri.

Majibu ya nyanya yametoka. Mashamba ya juu, waliopuliza mara chache, ziko salama. Za chini, pamoja na zako, zinatakiwa kuharibiwa. Wakaguzi wametia kufuli ghala la pili. Wakala amekamatwa, anasema mifuko alipewa na mtu wa kampuni, hamtaji. Kesi itasikilizwa mwisho wa mwezi huu, na mimi nitaitwa kueleza nilichopima. Ni maelezo tu. Usihangaike kuja, safari ni ndefu kwa goti lako, na shemeji siku zake zimekaribia.

Kazini kunaendelea. Tutaongea mambo yakitulia.

Mwanao

*

22 Mei

Mwanangu,

Mkwe amejifungua juzi. Mtoto wa kike. Amekuja mapema kidogo, mdogo, lakini sauti yake imewatoa majirani nje, hata wasionisalimia. Muuguzi amemtoboa kisigino akachukua damu, ipelekwe hospitali kubwa waangalie ile tezi uliyoisema. Majibu bado. Nimemkalia usiku na mchana nikimtazama shingo, kana kwamba ningeona kitu. Ananyonya. Kwa leo nimeamua hilo linatosha.

Sasa lako. Ndugu yako amenieleza. Amekukuta sokoni unashusha magunia ya vitunguu, umekonda, ukamwapisha asiniambie. Ameniambia kwamba ulifukuzwa siku ile ile ya karanga. Na kwamba meneja anasema wewe ndiye uliyeitoa shehena na kuiuza, kwa kuwa ufunguo wa ghala ulikuwa unaushika wewe. Kwamba mwisho wa mwezi huendi kueleza. Unakwenda kushtakiwa.

"Kazini kunaendelea." Hayo ndiyo uliyoniandikia, mimi niliyekufundisha kuandika.

Haya, sikiliza. Nimepita nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti mpya amenifungia mlango. Wawili wa mashamba ya juu wamesema nyanya zao zilikuwa nzima na hawataki makuu. Lakini mama wa nyumba ya pili ameitazama mikono yake, akaniuliza basi linaondoka saa ngapi. Mumewe atakuja na jicho lake lile. Wanakuja na wengine walionunua kwa wakala mchana kweupe, wakamwona uso, wakapanda naye juu kwa muuguzi penye mtandao, wakasikia akimpigia simu bosi wake kupunguza bei, na bosi huyo wakamsikia akiitikia kwa sauti. Wanasema wataitambua sauti hiyo hata gizani. Asimame huyo meneja wako mbele yetu aseme ni wewe uliyetuuzia. Aseme kwa sauti ile ile.

Barua hii anakuletea ndugu yako leo. Mimi na wenzangu tunapanda basi kesho. Usinijibu, hutanikuta nyumbani.

Shangazi yako